Alipima Samaki Siku ya Posa

"Anapima nini huyo?"

Baba mkubwa Yohanes aliuliza hivyo tonge la ugali likiwa limesimama nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Sebule yetu nzima pale Mjimwema, Songea, ikageuka kumtazama Aidan, mchumba wangu, mwanaume niliyemsubiri miezi minane alete barua ya posa.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia la korido, maana binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Nikachungulia. Mungu wangu! Aidan alikuwa ametoa tepu ya kushonea, ile ya njano niliyompa mimi mwenyewe, ameinyoosha juu ya samaki kwenye sahani yake, kuanzia mdomo mpaka mkia.

"Ishirini na mbili na nusu," akanong'ona peke yake.

"Kijana, nimekuuliza. Unapima nini?"

Aidan akafungua mdomo, akaufunga. Kwetu siku ya barua mwoaji haongei. Anaruhusiwa kukaa, kunywa soda na kutabasamu, basi. Anayesema ni mshenga. Na mshenga wake, Ramson, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa pembeni yake anatokwa jasho, wakati nje mvua ya Machi ilikuwa inanyesha na sisi wengine tumevaa masweta.

"Ni mambo ya kazini tu, Mzee," Ramson akasema. "Mazoea."

"Mazoea ya kupima chakula cha watu?"

Hapo ndipo mama alipotokea jikoni na bakuli la mboga za majani. Akaiona tepu. Akaliweka bakuli mezani polepole sana, na mimi ninayemjua mama yangu nikafumba macho.

"Mama we! Sahani yangu inapimwa? Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na mbili, nimepika misiba, nimepika harusi, hajatokea mtu wa kunipimia chakula! Shemeji Yohanes, unaona?"

"Naona, Mama Ima."

"Mama, samahani, mimi nilikuwa..." Aidan akaanza.

"Na sasa anaongea!" Baba mkubwa akaweka tonge chini. "Mshenga, mtu wako amepima chakula, halafu ameongea. Nyie mna shida gani?"

Barua ilikuwa mezani, bahasha ya khaki iliyofungwa ndani ya leso nyeupe niliyoitarizi mwenyewe kwa siri. Baba mkubwa akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikafika mbele ya Ramson.

"Chukueni. Hatujaifungua na hatutaifungua. Hiyo barua mkononi mwa mshenga huyo isirudi tena hapa."

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo neno la baba mkubwa ndilo neno. Nilisikia mlango ukifungwa. Nikaketi sakafuni palepale koridoni na gauni langu jipya, nikalia mpaka wanja ukafika kidevuni.

Sasa kabla hamjamcheka mchumba wangu, ngoja niwaambie ni mtu gani.

Nina banda langu la cherehani Msamala, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Siku moja mwaka jana akaingia kijana mrefu anahema, akajificha nyuma ya sanamu yangu ya kuvalishia nguo.

"Dada, kama mtu akiuliza, mimi sipo."

"Haupo vipi na miguu yako inaonekana?"

Dakika haikupita, akatokea Zuhra, mwanamke wa Tunduru anayekaanga samaki soko la Bombambili, rafiki yangu mpaka leo. Alikuwa na mwiko mkononi, mafuta yanadondoka.

"Ima, hujaona bwana mmoja mrefu na rula? Wallahi leo nitampima yeye!"

"Kafanya nini?"

"Anakuja mbele ya wateja wangu anapima samaki mmoja mmoja, anasema eti hawa bado watoto, hawajatimia, warudishwe majini! Samaki wangu watoto?"

Alipoondoka, yule kijana akatoka. Rula yake ilikuwa imevunjika vipande viwili. Akajitambulisha: Aidan, mzaliwa wa Lituhi huko Ziwa Nyasa, mwanaharakati wa mazingira. Yeye na wenzake kumi wana kikundi kinaitwa Macho ya Ziwa. Wanakwenda ziwani na simu zao, wanapiga picha mitumbwi inayotega nyavu za macho madogo mlangoni mwa mto, hasa masika, wakati samaki wanaoitwa mbasa wanapanda mto kutaga mayai. Picha wanaziweka mtandaoni, maafisa wa uvuvi wanakamata, na wenye nyavu wanawachukia kupita maelezo.

"Mbasa akikamatwa kabla hajataga," akaniambia, "wewe unaona umekula samaki mmoja. Kumbe umekula ukoo mzima."

Alisema kwa uchungu, machozi yanamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake, kwa ajili ya samaki. Nikampenda. Nasema ukweli, nilimpenda hapohapo. Nikavua tepu shingoni nikampa.

"Chukua hii. Haivunjiki hata Zuhra akiikanyaga."

Tangu siku hiyo tepu ile haijatoka mfukoni mwake. Ndiyo hiyo sasa iliyonivunjia posa.

*

Kesho yake baada ya posa, asubuhi, simu ya Aidan ikaingia nikiwa bandani. Niliiacha ikaita mara tatu, ya nne nikapokea.

"Haya, sema, fundi vipimo."

"Ima, nisikilize. Yule samaki alikuwa amekatwa mkia."

"Samaki kukatwa mkia ndiyo nini? Si alikaangwa?"

"Pembe ya chini tu, kwa mkasi. Ile ni alama yetu. Samaki wakikamatwa, sisi tunawapima, tunaandika daftarini kila mmoja na namba yake, halafu tunakata pembe ya chini ya mkia ili mtu asiwauze. Wanapelekwa kituo cha watoto yatima. Nilipoona ule mkia nikasema labda umekatikia kwenye kikaangio. Nikapima nihakikishe. Ni namba kumi na nne, Ima. Nilimpima mwenyewe Jumatano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... muulize mama aliwapata wapi."

Damu ikanipanda kichwani.

"Aidan. Unasema mama yangu amekula samaki wa yatima?"

"Sijasema hivyo. Nasema muulize tu."

"Umempimia chakula, sasa unamwita mwizi! Kaoe samaki wako!"

Nikakata. Baada ya dakika mbili ikaingia meseji:

"Ima, sina neno baya kwa mama. Nimekosea namna ya kusema. Nakupenda kuliko ziwa lote. Ila wale samaki ni wa watoto na siwezi kujifanya sikuona."

Nikaisoma mara sita. Nilitaka kuijibu kwa matusi, na nilitaka kumkumbatia. Nikafunga banda, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage, na kwa jinsi alivyokuwa anayarusha kwenye ungo, nilijua hasira haijapoa hata kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Amekutuma uje upime maharage?"

"Mama, usinitanie. Nina swali moja tu."

"Mimi ndiye nina swali!" Akasimamisha mikono. "Mtu anatuma samaki sita kwa mkono wa mshenga wake. Mimi nawapika wote sita, nawapanga kwenye sahani kwa heshima zote. Halafu anakuja na tepu kuhakikisha sijamficha kipande! Ananiona mimi mwizi wa samaki?"

Nikaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Mama, nani alituma samaki?"

"Si yeye Aidan wako! Ramson aliwaleta siku moja kabla ya posa, asubuhi. Akasema, 'Mama, Aidan anakusalimu, pika hawa kesho. Ila usimwambie mtu wamekotoka, hata Ima. Ni mila ya kwao Nyasa: mkwe akiletewa samaki na kijana, haulizi katoka wapi.' Nikaheshimu. Mila za watu huwezi kuzicheka."

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka mama akaweka ungo chini akadhani nimerukwa na akili. Kumbe kila mmoja pale mezani alikuwa na yake: mama anaona anakaguliwa, Aidan anaona samaki wa watoto, na Ramson anajua yote na amekaa kimya anatokwa jasho.

Halafu kicheko kikaisha ghafla, maana nilielewa maana yake. Nikapiga simu.

"Aidan, kwenu Nyasa kuna mila ya mkwe kula samaki bila kuuliza ametoka wapi?"

"Kwetu? Kwetu mkwe anauliza mpaka jina la mtumbwi. Kwa nini?"

"Basi samaki waliletwa na Ramson. Alisema umewatuma wewe."

Nikadhani simu imekata.

"Aidan?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imeshuka. "Ramson ndiye anayesindikiza gari la kwenda kwa watoto. Kila mara. Ima, kikundi tulikianza wawili, mimi na yeye, kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka."

*

Alikuja jioni ile, jua bado lipo. Hakuingia ndani, alisimama kwenye ua kama karani wa sensa. Mama akamtazama kuanzia viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mfuko wako una tepu?"

"Ndiyo mama."

"Iache hapo nje."

Akaiweka juu ya ukuta wa baraza, akaruhusiwa kukaa. Nikampa maji. Akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Sitaki kumwanika Ramson kabla sijamsikia."

"Wale wa mitumbwi huwa unawasikia kwanza?" nikamuuliza.

Aliizungusha glasi ya maji mkononi.

"Hapana," akasema. "Huwa naweka picha tu. Umenipiga pabaya, Ima."

"Sijakupiga, nimekuuliza."

"Tatizo ni hili. Nikisema hadharani, wenye nyavu watacheka mwaka mzima: Macho ya Ziwa wanakamata samaki halafu wanawauza. Kikundi kitakufa. Na mshenga sina tena, barua ndiyo basi. Nikinyamaza, nitakuoa wewe juu ya chakula cha watoto. Nitakutazamaje mezani kila siku?"

Nilimwonea huruma mpaka nikashika mkono wake mbele ya mama. Mama alikohoa. Sikuuachia.

"Wewe mtoto," mama akamwambia Aidan, na nikasikia sauti yake imebadilika, ile ya darasani. "Mwanafunzi akinakili, humpigii kelele. Unampa karatasi nyingine anakili tena, wewe umesimama nyuma yake. Ima, nipe simu yangu."

Akaweka sauti ya nje.

"Haloo, Ramson mwanangu?"

"Mama! Shikamoo! Mama, yale ya jana, mimi kwa kweli..."

"Achana nayo. Shemeji Yohanes ameanza kulegea. Ila wale samaki, mwanangu, wamenikaa mdomoni. Niletee wengine, tuanze mazungumzo upya kimyakimya."

"Mama, nilijua tu! Wangapi?"

"Kumi. Wapo?"

"Wapo kabisa. Kesho saa nne asubuhi. Na usimwambie Aidan, unajua tena ni..."

"Ni mila. Mimi tena mtu wa kufundishwa mila?"

Akakata simu, akarudi kwenye maharage yake. Aidan alikuwa amekodoa macho.

"Funga mdomo, nzi wataingia," mama akamwambia. Hapo nikajua ameshasamehewa nusu.

*

Saa nne kamili bodaboda ikasimama getini. Baba mkubwa Yohanes, aliyeitwa na mama aje asikie mwenyewe, alikuwa chumbani kwa mama, mlango umeachwa wazi kidogo. Mimi na Aidan tulikuwa jikoni tumebanana nyuma ya mlango, na ingawa nilikuwa naogopa, siwezi kusema nilichukia kubanana. Barazani alikaa mama, na pembeni yake Zuhra niliyemwita kutoka Bombambili, amejifunga khanga kichwani kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Ramson akaingia na ndoo ya bluu iliyofunikwa jani la mgomba.

"Hodi hapa! Mama mkwe wa rafiki yangu!"

"Karibu mwanangu. Huyu ni jirani tu, ananisaidia kuparua."

Zuhra akafunua jani. Akatoa samaki wa kwanza, akamgeuza. Akatoa wa pili. Wa tatu.

"Mama Ima, hawa samaki wote wamekatwa mikia. Wamepita kwa kinyozi mmoja?"

"Ah, dada, hiyo ni... ni aina yao," Ramson akasema. "Mbasa wa upande wa kule."

"Miaka tisa nauza samaki mimi. Hiyo aina ndiyo naisikia leo, Alhamdulillah, nimejifunza."

"Ima!" mama akaita. "Lete tepu."

Tukatoka wote wawili. Mimi na tepu, Aidan na daftari lake lenye jalada la plastiki. Ramson alipomwona, lile tabasamu likabaki usoni lakini furaha yenyewe ilishaondoka.

Aidan hakupiga kelele. Alifungua daftari akasoma kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Namba thelathini na moja. Kumi na tisa."

Mama akanyoosha tepu juu ya samaki wa kwanza. "Huyu siye, ni ishirini na moja. Na huyu... kumi na tisa. Huyu hapa!"

"Namba thelathini na tatu. Ishirini na nusu."

"Ishirini na nusu!" Zuhra akaitikia na samaki juu.

"Namba thelathini na sita..."

"Basi," Ramson akasema. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, kichwa kwenye magoti. "Basi, Aidan. Inatosha."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliyekuwa nimejiandaa kucheka nilishindwa.

"Tangu lini?" Aidan akauliza.

"Tangu mwaka jana masika. Nilianza na wawili wa mboga nyumbani. Watoto wa kituo hawakujua. Halafu mtu wa mgahawa akaniuliza kama napata wengine. Baadaye nikawa nashusha nusu pale mgahawani. Na posa yako ilipofika nikasema, angalau na rafiki yangu afaidi. Nilitaka mama apike vizuri. Sikufikiria ungetoa tepu mezani kwa mkweo, nani anafanya hivyo?"

"Mimi nafanya hivyo," Aidan akasema. "Unajua nini kinaniuma? Mlezi wa kituo aliniambia samaki wamepungua. Nikafurahi. Nikamwambia nyavu haramu zimepungua, kazi yetu inaonekana. Nikaweka mpaka mtandaoni."

Machozi yakamtoka Ramson. Na Aidan akalia vilevile, wamekaa ngazi moja, na ndoo ya samaki katikati yao.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Baba mkubwa akatoka na kofia yake.

"Mimi si mtu wa ziwa," akasema. "Mimi ni mtu wa kahawa. Lakini hata kwenye kahawa, mtu akipewa gunia la chama cha ushirika alifikishe, linafika. Kijana, nyanyuka."

Ramson akanyanyuka.

"Utasema mwenyewe, au niseme mimi?" Aidan akamuuliza. "Hiyo nafasi sijawahi kumpa mtu yeyote. Nakupa wewe, na kuanzia leo nitampa kila mtu."

Ramson akafuta uso kwa mkono wa shati. Akaomba simu. Akajirekodi palepale barazani kwetu, ndoo ikiwa miguuni: jina lake, alichofanya, tangu lini. Hakumsingizia mtu. Mchana akaenda mwenyewe kwa maafisa, Aidan akiwa amemsindikiza mpaka mlangoni.

Ile video ilizunguka Songea nzima kabla ya jua kuzama. Maneno yaliyoandikwa chini yake nayakumbuka.

"Macho ya Ziwa leo mmejitazama kwenye kioo."

"Hawa nao wezi tu!"

"Sasa mwizi gani anajirekodi mwenyewe?"

Na moja kutoka kwa Zuhra, ambalo lilipendwa na watu kuliko video yenyewe:

"Kuanzia kesho sisi wauza samaki wa Bombambili tutakagua mikia wenyewe. Samaki mwenye mkia uliokatwa akija sokoni, aliyemleta ndiye tutamkaanga."

Kikundi hakikufa. Kiliongeza wanawake kumi na wanne wa sokoni, kila mmoja na mwiko wake.

Na mama? Mama alibeba ile ndoo mwenyewe kwenye bodaboda mpaka kituo cha watoto. Juu ya mapaja aliweka na debe la maharage aliyoyachambua kwa hasira jana yake.

"Ya nini maharage, mama?"

"Sisi tulikula samaki sita wa watoto. Sikujua, lakini nilitafuna."

*

Posa ya pili ilikuja wiki tatu baadaye, baada ya Pasaka. Baba mkubwa alikuwa amesema barua isirudi na mshenga yule, na haikurudi na mshenga yule. Nikiwa nyuma ya pazia langu nilisikia hodi, na sauti iliyofuata ilifanya sebule nzima ipige makofi.

"Bismillahi! Naitwa Zuhra wa Bombambili. Nimekuja na kijana wangu, na barua yangu, na mwiko wangu. Atakayeirudisha barua safari hii ajipange!"

"Mshenga mwanamke?" shangazi mmoja akanong'ona.

"Hamkutaka mwanaume anayetokwa jasho," Zuhra akajibu. "Mimi jasho langu lilishaisha kwenye mafuta."

Baba mkubwa akakohoa kuficha kicheko.

"Tumewasikia. Kabla ya yote, kuna faini. Kijana wenu alipima chakula kwenye nyumba hii. Leo, baada ya kula, ataosha vyombo vyote. Sufuria pia."

"Tunakubali faini," Zuhra akasema. "Na akiacha ukoko, niiteni."

Aidan alikuwa amefunga mdomo kiasi kwamba midomo ilikuwa imegeuka rangi. Mama akaingia na sinia lililofunikwa kawa, akaliweka mbele yake. Akafunua. Wali, maharage ya nazi, kuku. Na pembeni ya sahani, imekunjwa vizuri kama leso, tepu ya njano aliyoiacha juu ya ukuta wa baraza.

"Pima," mama akamwambia.

Aidan akaitazama tepu, akamtazama mama. Akaisogeza tepu kando kwa mikono miwili, akachukua kijiko akala, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe, akamwinamia mama. Mama akageuka ukutani kurekebisha picha ya marehemu baba ambayo haikuwa imepinda.

"Haya," baba mkubwa akasema. "Imaculata aitwe."

Nikatoka. Sikufika hatua hii ile mara ya kwanza, nami niliogopa kitu kingine kisije kikatokea, hata paa kuanguka.

"Binti yangu, unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, baba mkubwa."

"Wameleta barua. Tuipokee au tuirudishe? Sema wewe."

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri la heshima. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo siku tatu. Lakini nikaiona tepu pale kwenye sinia, nikamwona na Aidan anavyonitazama, na jibu langu lote likayeyuka. Nikaichukua tepu.

"Simama," nikamwambia.

Akasimama. Nikaanza kwenye kisigino, nikapanda mpaka tepu ikaisha begani, nikaweka kidole, nikaanza upya mpaka utosini. Nilichukua muda wangu. Sijawahi kumpima mteja kwa raha namna ile. Shangazi walikuwa wameshika midomo.

"Sasa na wewe unapima nini?" baba mkubwa akauliza.

"Mita moja na sabini na nne," nikasema. "Ametimia, baba mkubwa. Huyu harudishwi majini."

Mama ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Baba mkubwa akaichukua ile bahasha ya khaki, akaifungua.